Mhariri, kopo nilinunua mimi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji. Mimi ni bibi wa miaka 67, mkazi wa Machame, wilayani Hai. Nina kihamba cha migomba na kahawa, na ng'ombe wawili wa maziwa ninaowafugia zizini. Barua hii naiandika nikiwa Kimara, Dar es Salaam, nilikokuja kulea mjukuu. Tupo katika Wiki ya Unyonyeshaji Duniani, ile ya tarehe 1 hadi 7 Agosti, na tangu asubuhi redio inawahimiza akina mama wanyonyeshe. Naisikiliza huku naona aibu. Katika nyumba hii aliyeleta kopo la maziwa ya unga hakuwa mama wa mtoto. Nilikuwa mimi, mama mkwe wake.

Mtoto alizaliwa mwezi Machi, wa kiume, kilo 3.2, mama hakupasuliwa. Kesho yake nikapanda basi na mkungu wa ndizi mshare wa kupikia mtori, ile supu yetu ya ndizi, nikafika jioni. Shikamoo na marahaba zilipokwisha, nikaomba nione maziwa. Ndiyo, niyaone kwa macho. Mkwe wangu akajikamua mbele yangu kwa heshima tu, maskini, yakatoka matone ya manjano, mazito, hata kifuniko cha soda hayajazi. Na kifua chake ni kidogo. Nikasema palepale, "Mwanangu, kwa haya mtoto hatashiba."

Sasa ngoja nikueleze ujinga wa mtu aliyefuga miaka 38. Matone yale ndiyo dang'a, maziwa ya kwanza kabisa. Kwangu ndama akizaliwa usiku wa manane naamka na tochi kuhakikisha ameinyonya kabla hakujapambazuka, maana ndama aliyekosa dang'a saa za mwanzo huondoka na ugonjwa wowote unaopita. Kijana wa kazi akiikamua akaipeleka jikoni, siku hiyo tunaagana. Lakini dang'a ya binadamu niliitazama nikaiona kama maziwa yaliyoshindwa kuwa maziwa. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba tumbo la mtoto siku ya kwanza hupokea kama kijiko kimoja cha chai kwa mara moja. Dang'a hutoka kidogo kwa sababu anayeingoja ni mdogo.

Siku ya tatu alipimwa, akawa ameshuka hadi kilo 2.95. Nikalia. Jioni hiyo mtoto naye alilia kuanzia magharibi hadi saa nne usiku: ananyonya, anaachia, analia, anataka tena. Nikafungua pindo la kanga, nikamtuma mwanangu duka la dawa, akarudi na kopo la gramu 400 na chupa. Mtoto akanywa, akalala saa tatu mfululizo. Nikajiona daktari. Na kwa joto la Dar la mwezi huo nikawa nampa na maji kwa kijiko, wakati maziwa ya mama yenyewe karibu asilimia 88 ni maji. Nilikuwa namjaza tumbo kitu kisicho na chochote ndani.

Asubuhi ya siku ya nne matiti ya mkwe wangu yakajaa, magumu kama embe bichi, hata kanga ikimgusa anashtuka. Hapo ndipo mtoto alipohitajika, na mtoto amelala na shibe ya kopo. Tukamwacha alale. Usiku nikamchukua chumbani kwangu nikampa chupa ili mama apumzike, na niliona namhurumia. Baada ya siku mbili ugumu ukaisha, matiti yakalegea, nami nikapata ushahidi wangu: "Si unaona? Yalikuja, yakakata." Wiki ya pili mtoto anapewa kopo baada ya kila kunyonya. Wiki ya tatu anapewa kabla. Kopo moja halimalizi wiki.

Tukampeleka kliniki. Nesi, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi, akasoma kadi, akampima: kilo 3.7. Akauliza anakula nini. Mkwe wangu akainamisha kichwa, nikajibu mimi kwamba maziwa hayatoshi. Nesi hakunifokea. Aliuliza natoka wapi, nikasema Machame. Akauliza kama nafuga, nikamwambia ninao wawili.

"Bibi, ukitaka kumkausha ng'ombe mwenye mimba unafanyaje?"

Mhariri, swali hilo kwetu hata mtoto wa darasa la tatu analijibu. Ng'ombe akibakiza miezi miwili kuzaa, unampunguzia pumba, unaruka mkamuo mmoja, kisha unaacha kabisa. Kiwele kinajaa, kinamuuma siku chache, halafu kinalegea, maziwa yamekata. Nilimweleza yote hayo kwa kujiamini kama mwalimu wa sayansi kimu. Nilipofika pale kwenye "kinamuuma siku chache, halafu kinalegea" nikasikia maneno yangu mwenyewe. Nikanyamaza.

Nesi akasema, "Huyu mama hana tatizo la maziwa. Anakaushwa."

Alitueleza kwa nusu saa, foleni ikinung'unika nyuma yetu. Akaandika kwenye kipande cha karatasi majina mawili ya homoni ambayo sasa nayatamka kama majina ya watoto wa jirani: prolaktini na oksitosini. Siku za mwanzo, alisema, mwili haumuulizi mtu. Kondo la nyuma likishatoka, homoni za mimba zinashuka, na kati ya siku ya pili na ya nne maziwa yanajaa hata kwa mama ambaye mtoto wake hakunyonya kabisa. Baada ya hapo mwili unaanza kuhesabu. Mtoto akivuta chuchu, ubongo unatoa prolaktini inayoliamuru titi litengeneze, na usiku inapanda kuliko mchana. Oksitosini kazi yake ni kuvibana vifuko vya maziwa ili yashuke. Titi likiachwa limejaa, maziwa yaliyobaki ndani yanaliambia lipunguze kasi. Likinyonywa likalegea, linaongeza. Na kila titi linajihesabia lenyewe, ndiyo maana mtoto akipenda upande mmoja, upande huo unazidi. Ukubwa wa kifua ni mafuta zaidi. Mwenye kifua kidogo pengine hahifadhi mengi kwa mara moja, kwa hiyo mtoto wake atanyonya mara nyingi zaidi, lakini kwa siku nzima anapata kiasi chake.

Kwa hiyo zile chupa zangu za usiku, nilizompa ili mama alale, ziliangukia saa zilezile ambazo prolaktini iko juu. Kama ningekuwa adui wa mtoto nisingechagua saa nzuri kuliko hizo.

Oksitosini ndiyo niliyoielewa haraka. Ng'ombe wangu mmoja, yule mweusi, hashushi maziwa akiona mgeni zizini. Unamwosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, unamsemesha, unamwita jina, ndipo yanashuka. Siku mbwa wa jirani alipoingia, nilitoka na robo ya ndoo, na maziwa yamo ndani, nayaona. Sasa fikiria mkwe wangu, kila akinyonyesha mimi nimemsimamia kichwani: "Yanatoka? Mbona hamezi? Yanatoka?" Mbwa wa jirani nilikuwa mimi. (Akisoma hapa ataniuliza kwa nini namfananisha na ng'ombe. Nimeshamwomba radhi.)

Kosa lingine lilitokana na ufugaji wenyewe. Sisi tunapima. Asubuhi lita saba, jioni lita tano, inaingia kwenye daftari. Titi la mama halina ndoo, nami nikaitafuta ndoo kwa nguvu. Kumbe anachokamua mama kwa vidole mbele ya watu si kipimo cha anachopata mtoto, kwa sababu mtoto aliyeshika vizuri ni mkamuaji hodari kuliko mkono na kuliko pampu. Nesi alinipa daftari jingine: hesabu nepi. Kuanzia siku ya tano ziwe sita au zaidi zilizoloa kwa usiku na mchana, na mkojo usiwe wa rangi kali. Halafu tazama kadi. Watoto karibu wote hupungua siku za kwanza, wengine hata sehemu moja ya kumi ya uzito wao, na wengi wameurudisha ifikapo wiki ya pili. Kulia jioni hakupimi kitu. Watoto wengi jioni hutaka titi kila baada ya nusu saa, na wengi huzidisha karibu na wiki ya tatu na ya sita. "Anaweka oda ya wiki ijayo," alisema nesi, na huo ndio msemo nilioondoka nao.

Hatukutupa kopo siku hiyo. Alitukataza, maana mtoto aliyezoea karibu nusu lita ya kopo kwa siku humkatii ghafla. Tulipunguza kidogo kidogo, na kila wiki tunarudi kwenye mizani. Chupa iliondoka, kikaja kikombe kidogo, vile vya kahawa chungu. Mtoto alale kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi. Titi kila baada ya saa mbili, na usiku asirukwe. Akarekebisha na namna ya kushika: mdomo upanuke kama anapiga miayo, weusi unaozunguka chuchu uingie sehemu kubwa, kidevu kiguse titi, mdomo wa chini ubinuke kwa nje. Hapo ndipo nikajua mkwe wangu alikuwa na michubuko ya chuchu aliyonificha wiki tatu nzima. Mtoto alikuwa anang'ata ncha tu.

Siku nne za kwanza sikuona tofauti, nikaanza tena kulitupia kopo jicho. Siku ya sita, saa tisa usiku, nikiwa nimelala chumba cha pili na mlango wazi, nikamsikia mtoto anameza. Glu, kimya, glu, kimya. Sauti hiyo sikuwa nimewahi kuisikia tangu nije. Wiki ya saba kopo likaisha, hatukununua jingine. Wiki ya nane alikuwa kilo 4.9.

Najua wasomaji wa kwetu wanangoja niseme habari za mtori. Jirani mmoja hapa Kimara, mwenyeji wa Tanga, alileta uji wa pilipili manga. Mwingine akaleta uwatu wa kuchemsha. Nami na sufuria yangu. Tulishindana jikoni wiki tatu, na chumbani mtoto ananyonya chupa! Mtori sijauacha, wala sitauacha. Mama anayenyonyesha anahitaji chakula cha ziada, kama kalori 500 kwa siku, na mtori uliopikwa na nyama ni chakula hasa. Ila unaingia kwa mama, hauna njia ya mkato kwenda kwenye titi. Ng'ombe usiyemkamua ukimjazia pumba atanenepa yeye. Na ile mbege tuliyokuwa tunapewa sisi wazazi, tukiambiwa inaleta maziwa, nasikitika kuwaambia wenzangu kwamba pombe inazuia maziwa yasishuke.

Wapo akina mama ambao kweli hayatoshi, na sitaki barua hii itumike kuwasimanga. Jirani yangu wa kihamba cha juu alivuja damu nyingi mno alipojifungua mtoto wa pili, na maziwa hayakuja kamwe. Tulimsema sana wakati ule, kwamba anaringa. Kipande cha kondo kilichobaki tumboni, ugonjwa wa tezi ya shingo, upasuaji wa matiti, hata vidonge vya kuzuia mimba vyenye estrojeni, vyote vinaweza kuyapunguza. Na mtoto ambaye nepi zake ni kavu, au anasinzia mno hata kunyonya hawezi, au uzito haupandi, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Huyo kopo linaweza kuwa dawa yake. Langu halikuwa dawa kwa sababu sikuwa na mgonjwa.

Ningeishia hapo, lakini yaliyotokea Juni ndiyo hasa yaliyonishikisha kalamu. Mwezi Mei nilikuwa nimerudi nyumbani, nikaja tena likizo ya mkwe wangu ilipokwisha. Yeye ni keshia katika duka moja la jumla Kariakoo. Jina la duka naliacha, maana bado anakula pale. Likizo ya uzazi kisheria ni siku 84, na 100 kwa aliyejifungua pacha. Maziwa ya mama peke yake yanatakiwa miezi sita, siku kama 180. Toa 84, zinabaki 96. Waliotunga sheria waliliona pengo hilo: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamruhusu mama kunyonyesha mtoto ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Mkwe wangu alimwendea bosi kwa adabu akaziomba. Akajibiwa kwamba hayo ni mambo ya maofisini, na kama ana haraka na mtoto angebaki nyumbani. Alipozidi kuomba akaambiwa basi, "ukipata nafasi".

Kariakoo hadi Kimara na kurudi kwa mwendokasi, foleni ikiwemo, hizo saa mbili zingeishia njiani. Kwa hiyo akawa anakamua. Akipata nafasi anaingia stoo, anajibanza katikati ya maboksi ya sabuni, anakamulia kwenye kikombe chenye mfuniko alichokichemsha asubuhi. Mlinzi anagonga kuuliza kuna nani. Maziwa anayaweka kwenye friji ya soda, na vijana wa duka wanaulizana bei ya kile kikombe. Anavumilia, kwa sababu nje, kwa joto hili, yasikae zaidi ya saa nne, na kwenye friji yanadumu hadi siku nne. Jioni anayabeba kwenye kibegi chenye barafu, amesimama hadi Kimara, na kesho yake mimi nampa mjukuu kwa kikombe cha kahawa.

Siku njema alikamua mara mbili. Halafu mwisho wa Juni duka likahesabu mali wiki nzima, na nafasi haikupatikana siku nne mfululizo. Siku ya kwanza alirudi blauzi imeloa, amejitanda mtandio kifuani. Siku ya pili matiti yamekaza hata mtoto anateleza, hawezi kushika. Siku ya tatu titi la kushoto jekundu, lina moto, na homa. Zahanati wakampa dawa, wakamwambia asiache kunyonyesha titi hilohilo. Wiki iliyofuata, mkamuo uliokuwa unajaza kikombe ukawa unafika katikati. Safari hii sikuhitaji nesi wa kunieleza. Ilituchukua siku tisa za kunyonyesha usiku kucha kurudi tulipokuwa.

Mhariri, siku nilipomzika mume wangu, watu wamejaa hadi kwenye migomba, saa kumi na moja jioni nilimwita mtoto wa shemeji nikampa ndoo, akaenda kukamua. Hakuna mwombolezaji aliyeshangaa. Kila mtu pale alijua mkamuo haungoji, ukiruka leo kesho umepungukiwa, na keshokutwa unamwita mtu wa mifugo kwa kiwele kilichovimba. Bosi wa mkwe wangu, nasikia, naye ni mtu wa milimani, na kwao wanafuga. Ningependa kumuuliza nani anakamua kwa mama yake jioni duka linapohesabu mali.

Ninaloomba ni dogo. Maofisa kazi wanapopita madukani kukagua mikataba, waulize na hili: mama anayenyonyesha hapa ni yupi, na saa zake mbili ziko wapi? Chumba chenye kitasa na kiti kimoja kinatosha. Na kliniki zikifundisha unyonyeshaji, zituite na sisi wakwe. Mkwe wangu alikuwa amefundishwa yote haya akiwa mjamzito: dang'a, usiku, nepi, yote. Aliniambia juzi tu. Nikamuuliza mbona alininyamazia. Akasema, "Mama, ulikuwa umetoka mbali, na mkungu begani."

Mjukuu sasa anakaribia miezi mitano, kilo 7.1, na ananivuta hereni. Keshokutwa narudi Machame, na bibi yake wa upande wa pili anakuja kunipokea. Nimeshambandikia karatasi kwenye friji. Kijana niliyemwachia zizi alipiga simu jana: yule mweusi mimba yake imetimiza miezi saba, aanze kumkausha au anisubiri? Nimemwambia anisubiri, nitamkausha mwenyewe.

Bibi mfugaji,
Machame, Hai, Kilimanjaro